Mkate, Tambi na Mchuzi wa Kondoo: Siku za Xi'an na Lanzhou

Jumanne jioni

Nimefika Xi'an jua likiwa limekwisha kuchwa. Mpwa wangu, anayesomea udaktari katika chuo kikuu kimojawapo cha mji huu, alinipokea karibu na Mnara wa Kengele, na baada ya shikamoo na habari za nyumbani Tanga aliniuliza kama nimekula chochote ndani ya treni. Nilimjibu kwamba sikula kitu, kwa kuwa chakula ndicho kilichonileta.

Kwetu, anayetaja chakula cha Kichina humaanisha wali wa kukaanga, mchuzi wa soya na tambi nyembamba za hoteli za Dar es Salaam au Nairobi. Sehemu kubwa ya mapishi hayo asili yake ni kusini mwa China, hasa Guangdong, nchi ya mvua nyingi na mashamba ya mpunga. Xi'an iko mbali na huko. Ni makao makuu ya mkoa wa Shaanxi, kaskazini-magharibi, katika uwanda mkavu ambao tangu zamani zao lake kubwa ni ngano; na ni mji huu huu ulioitwa Chang'an ulipokuwa makao ya wafalme wa Tang, waliotawala kuanzia mwaka 618 hadi 907, wakati misafara ya ngamia ya Njia ya Hariri ilipoishia hapa. Waarabu na Waajemi waliokuja na misafara hiyo waliacha kizazi, na kizazi hicho, kilichochanganyika na wenyeji kwa karne nyingi, kimo miongoni mwa asili za Wahui wa leo, ambao nchini China kote wamezidi milioni 10. Wanazungumza Kichina, wanaswali, na wanapika bila nguruwe wala pombe. Mtu wa pwani anayetaka kula barabarani kwa moyo mtulivu hawezi kupata mahali bora zaidi katika nchi hii, na nimekuja nikitaka kujua ngano na nyama ya kondoo vinafanywa nini katika mikono yao.

Tulipita chini ya Mnara wa Ngoma, uliojengwa mwaka 1380, tukaingia mtaa wa Beiyuanmen, katika eneo la Wahui. Taa zilikuwa nyingi na umati ulikuwa mkubwa, wageni wakipigana picha huku vijana wa maduka wakiwaita kwa sauti. Mpwa wangu hakunipa nafasi ya kusimama. "Mjomba, hapa wanakula wageni," alisema, "wenyeji wanakula nyuma." Tukakata kuelekea magharibi hadi Sajinqiao, ambako barabara ni nyembamba zaidi, pikipiki za umeme zinapenya kati ya meza, na kofia nyeupe za wapishi zinaonekana kila mlango.

Usiku huu tumekula mishkaki tu. Nyama ni ya kondoo, imekatwa vipande vidogo sana, na kila baada ya vipande viwili au vitatu kimo kimoja cha mafuta. Mchomaji huinyunyizia chumvi, bizari nyembamba na pilipili ya unga ikiwa bado juu ya makaa, ili viungo viungane na mafuta yanayochuruzika kabla hayajaanguka. Hakuna anayeagiza kijiti kimoja; watu huagiza kumi au ishirini, na mwishoni mhudumu huhesabu vijiti vitupu vilivyobaki mezani na kutaja bei. Nilifurahi kuona kwamba bizari ndiyo inayotangulia puani kabla ya pilipili.

Jumatano

Tumetoka mapema, kwa sababu vyakula viwili vya asubuhi vya mtaa huu huisha kabla ya jua kupanda sana.

Cha kwanza ni hulatang, supu nzito inayochotwa kwa upawa kutoka kwenye sufuria kubwa lililowekwa mlangoni. Ndani yake mna vidonge vidogo vya nyama ya ng'ombe, kabichi, viazi na karoti, vyote vikiwa vimeshikana kwa wanga, na ladha yake imejengwa juu ya pilipili manga na ile pilipili ya Sichuan inayotia midomo ganzi. Juu humiminwa kijiko cha mafuta ya pilipili. Wenyeji humegea mkate ndani yake, wakala wima au wakiwa wamekaa kwenye vigoda vifupi kando ya barabara, kisha wakaenda zao kazini. Asubuhi ilikuwa ya baridi ya Oktoba, na sidhani kama kuna chakula kinachoifaa baridi hiyo kuliko hiki.

Cha pili ni zenggao, nacho ni kitamu kwa maana ya sukari ya matunda peke yake: matabaka ya mchele wa kunata, kunazi nyekundu zilizokaushwa na maharagwe, yaliyopikwa kwa mvuke usiku kucha katika chungu kirefu mpaka kunazi zikayeyuka na kuupaka mchele rangi ya kahawia. Muuzaji hushuka na kisu toka juu hadi chini, ili kila mteja apate matabaka yote. Nilikula polepole sana. Kunazi tunazijua, na watoto wa kwetu huzila zikiwa mbichi chini ya mti. Sikuwa nimewahi kuziona zikipewa heshima ya kupikwa kwa saa nyingi namna hii.

Mchana tulikwenda Msikiti Mkuu, katika uchochoro wa Huajue. Mapokeo yanaurudisha mwanzo wake hadi mwaka 742, na majengo ya sasa kwa sehemu kubwa yanatokana na ujenzi wa mwaka 1392. Mapaa yake ni ya Kichina, yenye kingo zilizopinda, na mnara wake ni jengo la mbao la kuta nane katikati ya ua. Sisi wa Tanga tumezoea kibla cha kaskazini. Hapa msikiti wote umelala kutoka mashariki kwenda magharibi, ua baada ya ua, hadi ukumbi wa swala ulio mwisho kabisa wa upande wa Makka. Katika msikiti mwingine wa mtaa huu, ule wa uchochoro wa Daxuexi, kuna jiwe lililoandikwa mwaka 1523 linaloeleza kwamba mwaka 1413 Zheng He, amiri wa merikebu za mfalme wa China, alifika Shaanxi kutafuta mkalimani wa safari yake ya nchi za Waarabu, akampata imamu wa msikiti huo aliyeitwa Hasan. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme wa China, na katika safari iliyofuata, ya mwaka 1417 hadi 1419, merikebu za Zheng He zilifika Malindi kwenyewe. Mtaa ninaokula, kwa hiyo, una uhusiano na pwani yetu uliotimiza miaka mia sita, na nilipolitambua hilo niliziangalia sufuria zake kwa jicho jingine.

Alasiri ilikuwa ya liangpi, tambi baridi za wanga wa ngano. Duka tulilochagua lina meza nne tu, na mama mwenye duka, aliposikia kutoka kwa mpwa wangu kwamba nimesafiri kutoka Afrika Mashariki kwa ajili ya chakula, alitupeleka nyuma tuone kazi inavyofanyika. Unga wa ngano hukandwa ukawa donge gumu, ukaachwa upumzike, kisha ukaoshwa ndani ya maji kwa kukamuliwa na kukamuliwa tena, na maji yakawa meupe na mazito, sawasawa na mtu anavyokamua tui la kwanza na la pili. Kinachobaki mkononi ni gluteni, kitu cha kunyumbuka kisichoyeyuka, ambacho huwekwa kando. Maji meupe huachwa yatulie kwa saa kadhaa mpaka wanga ukazama chini. Maji ya juu humwagwa, na uji wa wanga uliobaki huchotwa upawa mmoja kwa wakati, ukamiminwa kwenye sinia ya bati iliyopakwa mafuta na kuwekwa juu ya maji yanayochemka. Baada ya dakika chache unatoka utando mwangavu unaoteleza, ambao hubandikwa juu ya mwenzake ukiwa umepakwa mafuta, tayari kukatwa kuwa vipande virefu. Ile gluteni nayo hupikwa kwa mvuke ikawa sponji, na hurudishwa ndani ya bakuli lilelile. Unga umetenganishwa kuwa vitu viwili, kila kimoja kikapikwa kwa njia yake, na vikakutana tena kwa mlaji.

Juu yake mama alitia matango yaliyokatwa nyuzi, chumvi, maji ya kitunguu saumu, siki nyeusi, mafuta ya pilipili na kijiko kikubwa cha ufuta uliosagwa. Huo ufuta ndio alama ya Wahui; maduka mengine mjini huishia kwenye siki na pilipili. Chakula ni cha baridi, na utamu wake umo katika namna utando unavyoteleza ilhali sponji inanyonya siki na kuiachia ukiitafuna. Wenyeji hukila pamoja na mkate wenye nyama na chupa ya Bingfeng, soda ya machungwa ya mji huu inayotengenezwa tangu mwaka 1953, na mchanganyiko huo wa vitu vitatu umekuwa mlo unaojulikana kwa jina lake. Nilikunywa soda hiyo kutoka kwenye chupa ya kioo. Ni tamu kiasi, na inazima pilipili upesi.

Alhamisi

Leo nimeitenga kwa yangrou paomo peke yake, yaani mkate uliofinywa ndani ya mchuzi wa kondoo, na ninaona nilifanya vyema, kwa sababu hiki ni chakula kinachodai muda wa mlaji kabla ya kudai wa mpishi.

Mhudumu aliweka mbele ya kila mmoja wetu bakuli kubwa tupu na mikate miwili ya mviringo, migumu, iliyopauka, ambayo unga wake ni ule usiochachuka uliotiwa sehemu ndogo tu ya uliochachuka. Hakukuwa na mchuzi wala nyama. Kazi ilikuwa yetu. Mkate hupasuliwa kati, kisha robo, kisha hufinywa kwa kidole gumba na cha shahada mpaka kila kipande kikawa na ukubwa wa punje ya soya. Nilipoanza kwa kasi mpwa wangu aliniwekea mkono begani. "Mjomba, usiharakishe. Watu huja hapa na maneno yao ya wiki nzima." Ndivyo ilivyokuwa. Kila meza ilikuwa na mabakuli yanayojaa polepole na mazungumzo yasiyokatika, na mikono ya wazee ilikuwa ikifanya kazi bila macho kuisimamia.

Udogo wa vipande una sababu zake. Mchuzi hukaa na mkate jikoni kwa dakika chache tu, na kipande kikubwa kitatoka kikiwa kimelowa nje na kikavu ndani. Kufinya kwa vidole nako kuna sababu: uso uliochanika una mikunjo na vinyweleo vya kushika mchuzi, ambavyo uso uliokatwa kwa kisu hauna. Na kwa kuwa unga kwa sehemu kubwa haukuchachuliwa, vipande vinavumilia moto bila kuvurugika. Baadhi ya migahawa siku hizi hutoa mkate uliokwisha kukatwa kwa mashine kwa wale wenye haraka. Nawaelewa, lakini kwa maoni yangu anayepokea bakuli hilo amekosa nusu ya chakula, kwa sababu mkate aliokaa nao mtu kwa karibu saa nzima humfanya ale kwa makini asiyokuwa nayo alipoingia.

Mezani kwa jirani walikaa wazee wawili wenye kofia nyeupe. Mmoja wao aliinama akalitazama bakuli langu, akatoa salamu ya Kiislamu ambayo niliielewa bila mkalimani, kisha akausogeza kwangu mfuniko wenye vitunguu saumu vilivyolowekwa kwa sukari na siki. Niliitikia salamu yake, nikamshukuru kwa maneno machache ya Kichina niliyofundishwa asubuhi.

Bakuli likijaa, mhudumu hulipachika namba na kulipeleka jikoni, na mlaji hubaki na namba ya pili inayolingana nayo, ili mkate alioufinya yeye urudi kwake na si kwa mwingine. Kila bakuli hupikwa peke yake katika karai juu ya moto mkali: mchuzi wa mifupa ya kondoo uliochemka tangu usiku, mkate, tambi za wanga, uyoga mweusi, na mwisho nyama iliyokwisha kupikwa ikalainika. Mlaji hueleza kiasi cha mchuzi anachotaka. Wapo wanaotaka mkate uunyonye wote, wapo wanaopenda ubaki wa funda moja la mwisho, na wapo wanaotaka mkate uwe kilima katikati huku mchuzi ukiuzunguka pande zote. Nilichagua namna ya katikati.

Liliporudi, halikukorogwa. Mtu huanza ukingoni akaendelea kuelekea ndani, kwa sababu ukikoroga joto linatoroka na mchuzi unaingia ukungu wa wanga. Nilikula hivyo, kwa vijiti, kidogo kidogo, nikitia pilipili ya kusaga upande mmoja na kuacha mwingine mtupu, nikaling'ata kila mara jino la kitunguu saumu kilichotiwa sukari, ambacho hukata mafuta ya kondoo na kuufanya mdomo uwe mpya. Mkate ulikuwa bado una ukaidi kidogo katikati, nyama haikuhitaji meno, na mchuzi ulikuwa na uzito wa mifupa bila harufu kali ya beberu ambayo watu wengi huiogopa katika nyama hii. Mwisho waliniletea kikombe kidogo cha mchuzi mtupu wa kusafishia kinywa. Nimekula vyakula vingi vya mkate na mchuzi katika maisha yangu, pwani na Bara Arabu, na hiki nakiweka mbele ya vyote.

Hatukula tena leo. Jioni tulitembea juu ya ukuta wa mji, ule wa enzi ya wafalme wa Ming, ambao mzunguko wake unakaribia kilomita 14.

Ijumaa

Baada ya swala ya Ijumaa vichochoro vilijaa watu wenye njaa, na foleni ndefu kuliko zote ilikuwa mbele ya duka la jiamo. Huu ni mkate wa moto uliopasuliwa ubavuni na kujazwa nyama, na hapa mgeni Mwislamu anapaswa kuwa macho, kwa kuwa nje ya mtaa huu mkate huohuo kwa kawaida hujazwa nyama ya nguruwe. Katika mtaa wa Wahui nyama ni ya ng'ombe, iliyokaa katika chumvi kwa siku kadhaa na kupikwa kwa moto mdogo pamoja na viungo, na mabango ya maduka ya halali huwa aghalabu ya kijani. Niliisimamia zamu yangu karibu na ubao wa kukatia. Mkataji alichukua kipande cha nyama nyekundu na ukanda mdogo wa mafuta, akavikata pamoja kwa mapigo mazito ya kisu kipana, akavisukuma ndani ya mkate kwa ubapa wa kisu hichohicho, na mkate ukafika mkononi mwangu karatasi ikiwa imeanza kulowa. Mafuta ndiyo yanayobeba chumvi. Anayeomba nyama isiyo na mafuta, kama nilivyomsikia mgeni mmoja akiomba, hupata chakula kikavu.

Chakula cha jioni kilikuwa nyama ya ng'ombe iliyopakwa unga wa ngano na viungo na kupikwa kwa mvuke kwa saa nyingi hadi ikawa kama imeyeyukiana na unga. Huliwa na kitunguu saumu kibichi na kikombe cha chai kali. Ni nzito, na sahani moja yatosha watu wawili.

Jumamosi

Asubuhi tulikwenda Lintong, mashariki mwa mji, kuwaona askari wa udongo waliogunduliwa mwaka 1974 na wakulima waliokuwa wakichimba kisima. Mengi yamekwisha kuandikwa juu yao, na mimi nitasema tu kwamba Lintong ina sifa nyingine: matunda ya persimoni, madogo, mekundu, yenye ngozi nyembamba mno. Nyama ya tunda lililoiva hukandwa na unga pasipo maji, ikajazwa ufuta na sukari, ikabanwa ikawa bapa na kukaangwa. Tulivila tuliporudi mtaani kwetu jioni, vikiwa vya moto. Nje vina ukoko, ndani vinavutika, na Oktoba ndio wakati wake, kwa sababu matunda yenyewe yametoka shambani.

Kisha tukaenda kwenye mgahawa wa halali wa tambi za biangbiang, ambazo nilitaka kuona zinavyotengenezwa kabla sijazila. Donge lililopakwa mafuta na kupumzishwa husukumwa likawa kipande kirefu; mpishi hulikandamiza katikati kwa kijiti chembamba ili kuacha mfuo, akashika ncha mbili, akavuta mikono ikatanuka, huku akilipiga tumbo la tambi juu ya meza ya mbao mara kwa mara. Kishindo hicho husikika hadi barabarani. Ikishafika urefu wa mikono iliyokunjuliwa, huichana kwa kufuata ule mfuo, ikaingia kwenye maji yanayochemka. Upana wake ni wa vidole vitatu, na mabakuli yanayoipokea ni makubwa kiasi kwamba wenyeji wa Shaanxi wenyewe wana msemo kuwa hapa bakuli na beseni havitofautiki.

Juu ya tambi zilizoiva huwekwa mboga za majani, kitunguu saumu, chumvi na kilima cha pilipili ya unga, halafu mpishi humimina mafuta yaliyopashwa mpaka yakatoa moshi. Pilipili hulia, rangi inatanda, na harufu yake ni ya kukaangwa zaidi kuliko ya ukali. Pilipili ya Shaanxi haichomi sana. Huku inapendwa kwa harufu, na wenyeji husema kwamba pilipili iliyomwagiwa mafuta ni kitoweo kamili. Nililazimika kukoroga upesi kabla tambi hazijashikana. Zina utafunaji wa kweli, na siki inayoongezwa mezani ndiyo inayozuia mafuta yasimchoshe mtu. Mwisho hunywewa maji yaleyale yaliyochemshia tambi, yakiwa ya moto na bila chumvi, ambayo inaaminika kwamba husaidia tumbo kukisaga chakula.

Jumapili

Leo ni siku ya treni. Njia ya mwendo kasi kutoka Xi'an hadi Lanzhou, mkoa wa Gansu, ilikamilika mwaka 2017, na safari huchukua takriban saa tatu, ikipita ndani ya mahandaki mengi yaliyotoboa milima ya udongo wa manjano. Lanzhou ni mji mrefu mwembamba uliobanwa kati ya milima, na Mto Manjano unapita katikati yake. Karibu na daraja la chuma lililojengwa mwaka 1909 tuliketi na vikombe vya mfuniko vyenye chai, kunazi, sukari ya mawe na maua makavu, na mhudumu akawa anaongeza maji ya moto kila yalipopungua. Kila maji mapya sukari ilizidi kuyeyuka, na kikombe cha tatu kilikuwa kitamu kuliko cha kwanza. Tulilala mapema.

Jumatatu

Tambi za ng'ombe za Lanzhou ni chakula cha asubuhi. Nje ya Gansu mtu huweza kuzipata usiku, katika maduka yaliyoenea kila mji wa China, ambayo mengi huendeshwa na watu wa Hualong, katika mkoa jirani wa Qinghai. Lakini hapa penyewe mchuzi huanza kuuzwa kabla mji haujaamka, na maduka mengi hufunga alasiri ukishakwisha. Mwanzo wa mapishi ya sasa huhusishwa na Mhui aliyeitwa Ma Baozi, mwaka 1915.

Tulifika kulipokuwa na giza bado. Mtu hulipa mlangoni kwa simu, akapokea tiketi na kuipeleka dirishani, ambako hutakiwa kutaja unene wa tambi anazotaka: kuanzia zile nyembamba za uzi, hadi za mviringo za kawaida, hadi zile bapa zenye upana wa vidole. Mvutaji wangu wa tambi alikuwa kijana asiyezidi miaka ishirini na mitano. Donge lake lilikuwa limekandwa pamoja na magadi, ambayo zamani yalitokana na majivu ya mmea wa jangwani na sasa hununuliwa yakiwa tayari, na hayo ndiyo yanayoutia unga umanjano na kuuwezesha kuvutika bila kukatika. Alivuta, akakunja kati, akavuta tena. Kila mkunjo huongeza nyuzi maradufu, kwa hiyo baada ya mikunjo saba ziko 128, na ya nane inazifikisha 256. Kutoka donge hadi sufuria haikupita nusu dakika, na mwenzake aliyesimama kwenye mchuzi alikwisha kuwa na bakuli mkononi.

Bakuli linalostahili jina hupimwa kwa mambo matano, na niliyakagua moja baada ya jingine: mchuzi mwangavu, figili nyeupe, mafuta mekundu ya pilipili, kijani cha kotimiri na majani ya kitunguu saumu, na tambi za manjano. La kwanza ndilo gumu. Mchuzi wa mifupa na viungo vingi uwe mwangavu hadi chini ya bakuli paonekane, hiyo ni kazi ya kuondoa povu na kuchunga moto usiku mzima, na ndiyo maana mpishi wa mchuzi hapa huheshimiwa sawa na mvutaji wa tambi. Pilipili nyekundu ilielea juu bila kuuharibu uangavu wa chini. Nilionja kwanza upande usiokuwa na pilipili, nikapata utamu wa figili na mifupa na iliki nyeusi kwa mbali. Kisha nikaonja palipo na mafuta, na ladha ikapanuka bila kuwa nyingine.

Nilirudi dirishani na tiketi ya pili, nikaomba tambi bapa pana. Mchuzi ulikuwa uleule na viungo vilevile, lakini zile za mviringo zinapanda na mchuzi mdomoni, ilhali hizi pana huuacha bakulini na kumpa mtu ngano zaidi ya mfupa. Mpwa wangu anazipenda pana. Mimi nimebaki na za mviringo, zile zinazoitwa erxi, nene kidogo kuliko za kawaida, kwa sababu hazilainiki kabla ya bakuli kwisha. Atakayekuja Lanzhou na azijaribu zote mbili asubuhi moja, awe mlangoni kabla ya saa kumi na mbili na nusu, na aagize nyama ya ziada katika kisahani, kwani ile inayokuja ndani ya bakuli ni vipande vichache tu.